Barua ya wazi kwa wadhibiti wa mawasiliano wa Afrika Mashariki: data ya romingi isikatwe kabla bei haijatajwa

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa mamlaka za mawasiliano za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.
Nakala kwa Sekretarieti ya Jumuiya, Arusha.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima kuhusu fedha zinazokatwa kwenye laini za simu za wananchi wetu pindi wanapovuka mpaka kutoka nchi moja ya Jumuiya kwenda nyingine, na hasa fedha zinazokatwa kwa ajili ya intaneti, ambazo mara nyingi mwenye laini huzifahamu wakati salio limekwisha kuondoka. Ninachoomba ni kwamba ndani ya Jumuiya hii mtu yeyote asitozwe data ya romingi, yaani intaneti anayoitumia kupitia mtandao wa nchi nyingine, kabla hajaelezwa bei na kuikubali, na kwamba bei yenyewe iwekewe ukomo, kama baadhi yenu mlivyoziwekea ukomo simu za sauti tangu mwaka 2014.

Mimi ni wakala wa forodha. Shughuli zangu ziko Arusha na Namanga, na mara nyingine hunipeleka Holili na Horohoro, kwa hiyo watu ninaowasemea ni wale ninaofanya kazi nao: madereva wa malori ya masafa na utingo wao, akina mama wanaonunua vitunguu na mahindi upande mmoja na kuuza upande wa pili, vijana wa kubadilisha fedha, na wafanyakazi wa ofisi za uwakala kama yangu. Nawakumbuka pia wavuvi wa Pemba wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, Shimoni na Vanga katika pwani ya Kenya kila msimu unapofika, ambao simu ndiyo inayowaambia bei ya samaki na hali ya nyumbani. Wengi wa watu hawa hawajioni kuwa wasafiri wa kimataifa. Wanavuka asubuhi na kurudi jioni, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliwaahidi kwamba uvukaji huo ungekuwa jambo la kawaida.

Kabla ya kueleza kasoro, ni haki nikumbushe kwamba eneo letu lilikuwa mbele ya dunia katika jambo hili. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilianzisha mpango wa mtandao mmoja kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja alivuka mpaka akapiga simu kwa bei za wenyeji, akapokea simu bila malipo, na akaongeza salio kwa vocha aliyoinunua huko huko alikofika. Wakati huo Ulaya ilikuwa bado inajadili sheria yake ya kwanza ya romingi, ambayo ilipitishwa mwaka uliofuata. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu kampuni moja ilikuwa na mitandao pande zote za mpaka, na malipo ya jumla, yaani yale ambayo kampuni za simu hulipana kwa kuhudumiana wateja, yaliyotoka tawi moja yaliingia tawi jingine la nyumba ile ile. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hata wakati ule mitambo haikuwa kikwazo. Kilichoamua bei kilikuwa mapatano ya nani amlipe nani, na kiasi gani.

Mwaka 2014 viongozi wa nchi za Ukanda wa Kaskazini, yaani zile za njia ya biashara inayoanzia bandari ya Mombasa, walifanya kwa amri ya serikali kile ambacho Celtel ilikifanya kwa hiari. Chini ya mpango wa Eneo la Mtandao Mmoja, Kenya, Rwanda na Uganda, pamoja na Sudan Kusini, zilikubaliana kwamba anayepokea simu akiwa katika nchi mwenza asitozwe, kwamba tozo za ziada zilizokuwa zikiwekwa kwenye simu zinazotoka nchi jirani ziondolewe, na kwamba dakika moja ya kupiga simu isizidi senti 10 za Marekani. Kenya na Rwanda zilianza mwishoni mwa mwaka huo. Simu kati ya nchi hizo ziliongezeka sana, na hiyo inaonyesha kwamba watu walikuwa na haja ya kuzungumza tangu zamani, bei ndiyo iliyowanyamazisha. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika kundi la kwanza, na mpango wenyewe ulianza na sauti. Data iliachwa kwa awamu nyingine.

Hapo ndipo penye tatizo leo, kwa sababu watu wamehama kutoka kwenye sauti. Dereva aliyefika Namanga hapigi simu kuniambia kwamba nyaraka zimegongwa mhuri. Anazipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Mfanyabiashara anatuma picha ya mzigo kabla hajalipa. Hata mazungumzo yenyewe siku hizi yanapita kwenye intaneti. Ukomo wa senti 10 kwa dakika unalinda huduma ambayo watu wanaitumia kidogo kila mwaka unaopita, na huduma wanayoitumia kutwa nzima haina ulinzi kama huo.

Naomba mniruhusu nieleze kwa maneno ya kawaida jinsi makato haya yanavyotokea, kwa kuwa barua hii itasomwa pia na wananchi ambao hawajaelezwa na mtu. Kila laini ina namba ya utambulisho iliyohifadhiwa ndani yake, na tarakimu tatu za mwanzo za namba hiyo hutaja nchi ilikotoka: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 641 ni Uganda, 635 ni Rwanda na 642 ni Burundi. Simu ikiwashwa katika nchi ya kigeni, mtandao wa huko huisoma namba hiyo, huiuliza kampuni ya nyumbani kama mteja anaruhusiwa, kisha humpokea kama mgeni. Kila dakika, kila ujumbe na kila megabaiti huandikwa na kampuni mwenyeji, ambayo huidai kampuni ya nyumbani kwa bei ya jumla waliyopatana wao wawili. Kampuni ya nyumbani huongeza fungu lake juu ya bei hiyo na kumkata mteja. Bei ya jumla haitangazwi, kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba ametozwa kupita kiasi hana pa kupimia, na nyinyi wenyewe, kama hamjaidai kisheria, mnabaki kupokea maelezo ya kampuni.

Kuna mambo mawili yanayowanasa watu wengi. La kwanza ni kwamba mara nyingi bando la nyumbani halivuki mpaka. Mtu amejiunga na kifurushi cha wiki nzima, ana gigabaiti za kutosha, naye anaamini kwa nia njema kwamba anazitumia hizo. Kumbe simu ikishapokewa na mnara wa jirani, kifurushi kinakaa pembeni na makato yanakwenda kwenye salio la kawaida kwa bei ya megabaiti moja moja. La pili ni kwamba simu za kisasa hutumia data bila kuguswa. Programu zinajisasisha, picha zinapelekwa kwenye hifadhi ya mbali, video za makundi zinajipakua zenyewe. Ujumbe wa kumkaribisha mgeni hufika, lakini mara nyingi makato yameshaanza kabla hajausoma, na hata akiusoma, si kila ujumbe wa namna hiyo unaotaja bei ya megabaiti kwa shilingi anayoifahamu.

Jibu ambalo watu wa mpakani wamelizoea kutoka kwa watoa huduma ni kwamba mteja akishavuka anunue laini ya wenyeji. Kwa anayekwenda kukaa mwezi mzima Kampala au Kigali ushauri huo ni mzuri, nami huutoa: weka laini ya wenyeji kwenye tundu la pili, iruhusu hiyo peke yake kutumia data, na iache ya nyumbani ipokee ujumbe na simu. Kwa anayevuka kila siku ushauri huo haumsaidii. Usajili wa laini siku hizi unadai hati ya utambulisho, na kwetu Tanzania alama za vidole zimekuwa sharti tangu usajili mpya ulipoanza mwaka 2019. Mtu aliyevuka kwa hati ya muda anaweza kuzungushwa kwa wakala hata siku ikamwishia. Zaidi ya hapo, laini ya nyumbani ndiyo pochi yake. Fedha zake ziko huko, benki humtumia namba ya siri ya muda kwa namba hiyo hiyo, na wateja wake wanaijua hiyo tu. Akiitoa ili aweke ya wenyeji, amejifungia fedha zake mwenyewe. Kwa sababu hiyo laini ya nyumbani ni lazima ibaki hewani hata akiwa ng'ambo ya mpaka, na ikibaki hewani bila ulinzi, inamkata.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni la watu wanaotozwa romingi wakiwa hawajatoka nchini mwao.

Mawimbi ya redio hayajui jiwe la mpaka liko wapi. Mnara uliosimama Namanga ya Kenya unafika vizuri katika nyumba za Namanga ya Tanzania, na wa huku unafika kule. Hali ni hiyo hiyo Sirari na Isebania, Holili na Taveta, Horohoro na Lungalunga, Mutukula pande zote mbili, na kando ya daraja la Rusumo. Simu hushikilia mtandao wa nyumbani kwanza, lakini mawimbi yake yakipotea kwa sababu ya ukuta, kilima au umeme uliokatika kwenye mnara, inahamia kwa jirani bila kumwuliza mwenyewe. Mama anayepika chakula cha madereva upande wetu anaweza kuwa jikoni kwake na wakati huo huo simu yake imehesabiwa kuwa iko nje ya nchi.

Kijana mmoja wa ofisini kwangu alikatwa salio lote namna hiyo akiwa ndani ya uzio wa kituo cha mpaka, upande wa Tanzania, akisubiri lori lipimwe. Tuliandika malalamiko. Kampuni yake ilijibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha laini ilipokewa na mtandao wa Kenya, na kwa hiyo makato ni sahihi. Sikulikataa jibu hilo upande wa kumbukumbu, kwa sababu bila shaka ndivyo zilivyosoma. Ninalolikataa ni hitimisho lake. Kumbukumbu zinasema mnara gani ulimhudumia. Hazisemi alikuwa amesimama wapi wala kama alikubali. Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa Desemba 1, 2018 ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi chini ya paa moja na msafiri asimame mara moja tu. Katika jengo hilo hilo la Jumuiya, simu ya mwananchi inageuka kuwa ya mgeni kwa kuhama kutoka dirisha moja kwenda jingine.

Jambo hili lina jina na lina mahali katika sheria za dunia. Kanuni za Kimataifa za Mawasiliano zilizopitishwa Dubai Desemba 2012, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, zinazungumzia romingi isiyokusudiwa katika maeneo ya mipaka, na zinazihimiza nchi zikuze ushirikiano wa watoa huduma ili gharama zake ziepukwe na kupunguzwa. Kanuni hizo hizo zinataka mteja apewe bila malipo taarifa zilizo wazi na za wakati kuhusu bei za romingi. Kwa hiyo siwaombi mbuni kitu kipya. Naomba kila mmoja wenu akae na jirani yake, wapime minara iliyo karibu na mpaka, waielekeze upya antena zinazopita kiasi pale inapowezekana, na pale isipowezekana waagize kwamba data iliyotumika kupitia minara hiyo ihesabiwe kwenye kifurushi cha nyumbani cha mteja. Minara hiyo inajulikana mmoja mmoja, kwa namba na kwa mahali ilipo, na makampuni yanaijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuhusu bei ya jumla, Ulaya inatupa mfano wa jinsi ya kwenda hatua kwa hatua. Tangu Juni 15, 2017 raia wa Umoja wa Ulaya anatumia laini yake katika nchi nyingine mwanachama kwa bei za nyumbani. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu wadhibiti waliishika bei ya jumla kwanza. Ukomo wake kwa gigabaiti moja ulikuwa yuro 7.70 mwaka 2017, ukashushwa mwaka baada ya mwaka hadi yuro 2 mwaka 2022, na sheria inaupeleka kwenye yuro 1 ifikapo 2027. Makampuni yalipewa ratiba yaliyoijua mapema, yakapanga biashara zao kulingana nayo. Sisemi tarakimu hizo zihamishiwe kwetu, kwa kuwa gharama za kusimamisha mnara Ngara na kuupelekea mafuta ya jenereta si gharama za Ubelgiji. Ninachokiomba ni utaratibu ule: ukomo uliotangazwa, unaoshuka kwa ratiba iliyotangazwa, kwa nchi zote wanachama kwa pamoja.

Upo ulinzi mwingine wa Ulaya ambao nadhani hautufai ulivyo. Huko, matumizi ya data ya romingi yakikaribia yuro 50 mteja huonywa, na yakifika hapo hukatwa mpaka aseme mwenyewe kwamba anataka kuendelea. Ukomo huo ulitungwa kwa ajili ya watu wanaolipa bili mwisho wa mwezi. Wananchi wetu walio wengi hununua muda wa maongezi kabla ya kuutumia, tena kwa kiasi kidogo kidogo, na salio lao lote halifiki hata sehemu ndogo ya yuro 50. Kwa mtu wa namna hiyo onyo linalokuja katikati limechelewa, kwa kuwa hasara yake ni shilingi elfu chache alizozitegemea kwa siku nzima, na zikiondoka hawezi tena hata kumpigia bosi wake. Ulinzi unaomfaa ni wa mwanzoni: data ya romingi ifungwe kwa kila laini mpaka mwenyewe aifungue kwa kujibu ujumbe uliotaja bei ya megabaiti kwa fedha ya nchi yake, pamoja na vifurushi vya romingi vilivyopo. Ujumbe mfupi, simu za kupokea na menyu ya fedha ya nyota na reli viendelee kama kawaida, ili kufungwa kwa data kusimtenge na pochi yake.

Najua pingamizi zitakazoletwa mezani kwenu, na baadhi yake ni za kweli. Makampuni yatasema kwamba bei zikilingana, watu watanunua laini katika nchi yenye vifurushi nafuu na kuishi nazo katika nchi yenye vifurushi ghali, na mtandao wa huku utabeba mzigo ambao faida yake inaingia kule. Hofu hiyo ina msingi, na Ulaya iliijibu kwa kuiruhusu kampuni iangalie matumizi ya miezi isiyopungua minne. Laini ikionekana kukaa ugenini kuliko nyumbani, mwenyewe huonywa na baadaye anaweza kutozwa nyongeza yenye ukomo. Hazina za serikali zitasema kwamba tozo za simu za kimataifa ni mapato. Hilo ni la kweli pia, lakini Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali kuziondoa kati yao mwaka 2014, na mfanyabiashara anayepata bei ya soko kwa wakati huuza zaidi na kulipa ushuru zaidi. Wapo watakaotaja wahalifu wanaopitisha simu za kimataifa kwa magendo kupitia rundo la laini za kawaida. Hao ni wa kuwindwa na mitambo ya ukaguzi mliyo nayo. Mama wa jikoni Namanga hahusiki nao.

Pingamizi moja tu naiona dhaifu kabisa, nayo ni kwamba mfumo hauwezi kumtofautisha mteja aliye Nairobi na mteja aliye Dubai, hivyo ulinzi wa Jumuiya peke yake utavuruga hesabu. Tarakimu zile tatu nilizozitaja hapo juu zimo pia katika utambulisho wa kila mtandao mwenyeji, na bei za romingi tayari zinatofautiana kwa nchi na kwa kundi la nchi. Mahujaji wanaokwenda Makka na ndugu zetu wanaofanya kazi Oman wanazijua tofauti hizo kwa makato yao wenyewe. Wao nao wanastahili kusemewa, lakini huko kunahitaji mapatano na mataifa yasiyo ya Jumuiya, na sitaki jambo lililo mikononi mwenu lichelewe kwa kungojea lisilo mikononi mwenu.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingizwe katika kikao chenu kijacho cha pamoja na kufikishwa kwa mawaziri wa sekta. Kufunga data ya romingi mpaka mteja akubali bei hakuhitaji mkataba mpya. Kila mamlaka inaweza kuliagiza kwa kampuni ilizozipa leseni, hata kama jirani yake hajaanza. Upimaji wa minara ya mpakani unahitaji nchi mbili mbili tu, na ningeomba uanzie Namanga, ambako watu ni wengi na malalamiko yapo kwenye maandishi. Ukomo wa bei ya jumla ndio utakaochukua muda, na kwa huo nawaomba mtangaze tarehe ya kuanza na kiwango cha kwanza, hata kama kiwango hicho kitakuwa cha juu kuliko tunachokitamani, ili sisi tunaovuka kila siku tujue tunangojea nini na mpaka lini.

Niko tayari, pamoja na mawakala na madereva wenzangu, kuwapa nakala za malalamiko yetu na kuwatembeza maofisa wenu katika maeneo ambako simu huhama mtandao, siku yoyote mtakayoichagua.

Wenu mtiifu,

Wakala wa forodha,
Arusha